Mwalimu wa Mabano

Siku niliyompokonya Mwalimu chaki, darasa zima lilinyamaza hata tukasikia cherehani ya fundi aliye ng'ambo ya ukuta wa shule.

Alikuwa amesimama mbele ya ubao na karatasi yangu ya moki mkononi, ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeuziwa samaki aliyelala. Moki ni ule mtihani wa majaribio. Kwetu sisi tunaorudia kidato cha nne, anayeupasi ndiye anayeandikishwa kufanya mtihani wenyewe, na asiyeupasi hungoja mwaka mwingine. Mimi nilikuwa nimeanguka kwa alama chache sana. Alama hizo zilikuwa za swali moja, na swali hilo nililipata.

"Hii," akasema, "ni kazi ya mtu mwenye haraka. Tusimlaumu. Ana mtoto wa kunyonyesha."

Wasichana wakacheka. Si wote, lakini walitosha.

Nikatoka kwenye dawati, nikaenda mbele, nikamtoa chaki mkononi. Hakung'ang'ania. Nadhani hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo, basi vidole vyake havikujua la kufanya. Nikaandika swali kama lilivyokuwa. Eksi tatu kujumlisha wai mbili ni kumi na tisa. Eksi tano kutoa wai mbili ni tano. Nikaijumlisha milinganyo yote miwili, wai zikaondokeana, zikabaki eksi nane ambazo ni ishirini na nne. Eksi ni tatu, wai ni tano. Kisha nikalifanya upya kwa njia yake yeye, ile ya kubadilisha, na mabano yake yote. Eksi tatu, wai tano.

"Jibu ni lile lile," nikamwambia.

"Jibu sikuuliza mimi."

"Karatasi imeuliza. Imesema tafuta eksi na wai. Haikusema kwa njia gani."

"Mimi nimesema kwa njia gani, tangu mwanzo wa mwaka."

Nikaiweka chaki mezani, nikachukua karatasi yangu, nikarudi nyumbani kumnyonyesha mwanangu. Nilikwenda kwa miguu njia nzima, kutoka shuleni Tudor mpaka mtaani kwetu Kuze.

Nataka nieleze habari za mtu huyu, kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki hudhani namzungumzia mwalimu mbaya.

Kwetu Kuze walimu ni wengi. Kuna wa chuo cha Kurani, kuna wa shule za msingi, kuna na mmoja aliyestaafu anayefundisha watu kuendesha gari. Wote hao wana majina. Yeye ni Mwalimu tu. Ukimwuliza muuza duka, "Mwalimu kapita?" hakuulizi yupi. Mimi nilimjua kwanza kama jirani anayeketi kwenye baraza ya nyumba yake baada ya alasiri, kofia imenyooka, akinywa kahawa chungu bila halua wala tende, na akinyamazisha watoto wa uchochoro kwa kuwatazama tu. Baadaye nikamkuta shuleni, akanifundisha miaka minne. Nilipoolewa nikazaa nikarudi kurudia hesabu, nikamkuta tena, kwenye chumba kile kile, anafundisha darasa la jioni la watu waliokwama kama mimi.

Hakuna afundishaye kama yeye. Hilo nalisema na hasira zangu zote.

Hesabu za milinganyo miwili aliziingia hivi. Huandika ubaoni mlinganyo mmoja, chini yake mwingine, kisha hurudi nyuma hatua akaitazama kama mtu anayetazama wageni asiowajua. "Hawa ni wawili," husema, "na wote wawili wamejificha. Ukimwuliza wai, 'Wewe ni ngapi?' hakujibu. Lakini ukimwuliza, 'Eksi ungemjua, wewe ungekuwa ngapi?' hapo hujibu. Basi mkubalie jibu hilo hilo. Mchukue wai kwa maneno yake mwenyewe, mpeleke kwa mlinganyo wa pili, kamweke pale. Sasa pale pamebaki eksi peke yake, na mtu akiwa peke yake hana pa kujificha."

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoyasikia hayo mara ya kwanza, na nakumbuka nilihisi kitu kikifunguka kichwani. Mpaka siku hiyo nilidhani hesabu ni jambo la kukariri.

Kisha yalikuja mabano. Ukimtoa wai ukaweka maneno mengine mahali pake, lazima maneno hayo uyazungushie mabano, la sivyo alama ya kutoa iliyo mbele itamgusa wa kwanza tu na wa pili atabaki kama alivyokuwa. Hapo ndipo wanafunzi wa dunia nzima huanguka. Mwalimu alituambia, "Mabano ni buibui. Hatoki mtu hapa bila buibui." Tukacheka sana, kwa sababu yeye hacheki. Lakini hakuna msichana aliyepita mikononi mwake anayesahau mabano. Mwanaidi, aliyeketi nami dawati moja na ambaye siku hizi anauza nguo, aliniambia kwamba mpaka leo akiandika hesabu yoyote yenye kutoa, mkono wake huchora mabano kabla hajafikiri.

Alikuwa na chuki na raba. Ukikosea, hukuruhusiwa kufuta. Ukate mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, uandike upya chini. "Nataka nione ulipopotelea," husema. "Ukifuta, utapotelea papo hapo kesho na hakuna atakayejua." Aliwahi kukusanya raba za darasa zima akazitia mfukoni mwa koti, na mfuko ukavimba mpaka likizo.

Alichukia pia matunda. Kitabu kilisema, "Tuseme eksi ni maembe na wai ni machungwa." Yeye alisimama juu ya neno hilo kipindi kizima. "Eksi si embe. Embe haliwi tatu. Eksi ni idadi ya maembe. Nani hapa atanijumlishia embe na chungwa?" Kadzo, msichana wa Kigiriama aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko sisi sote, akasema, "Mwalimu, nenda sokoni Markiti utapewa, na pilipili juu." Mwalimu akamgeukia. "Hiyo ni achari," akasema, "si hesabu." Akaendelea na somo.

Kadzo huyo huyo ndiye aliyefanya kosa ambalo Mwalimu alilipenda, kama mtu anavyopenda ugonjwa adimu. Alimpata wai kutoka mlinganyo wa kwanza, kisha badala ya kumpeleka kwa wa pili akamrudisha ule ule wa kwanza. Kila kitu kikafutika, akabaki na sifuri ni sawa na sifuri. Akainua mkono, akasema amemaliza.

Darasa letu lilikuwa na milango miwili. Mwalimu akamwambia, "Ndoo." Akikasirika au akifurahi, Kimvita chake hutoka wazi hivyo, maana yake ni njoo. "Ndoo, toka mlango huu." Kadzo akatoka. "Haya, ingia kwa mlango huo huo." Akaingia. "Umefika wapi?"

"Hapa hapa, Mwalimu."

"Umesema uwongo?"

"Sikusema."

"Hukusema. Sifuri ni sifuri, nani atabisha? Ni kweli. Lakini haikupeleki mahali. Aliyekwambia jambo mara moja, usimwendee akuthibitishie. Mwendee mwingine."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na ndiyo maana nilitaka kuwa mwalimu. Sijamwambia yeye. Chuo cha ualimu hakinipokei bila kupasi hesabu, na mara ya kwanza nilifanya mtihani wakati wa posa, nyumba imejaa wageni, nikaanguka. Ndiyo maana nikarudi. Mume wangu yuko bandarini, kazi ya zamu. Amenikubalia mwaka huu mmoja tu. "Mwaka huu soma," aliniambia. "Mwakani tuone." Mimi najua tuone ya mwanamume ina maana gani.

Sasa upande wa pili wa Mwalimu.

Baba yake Mwanaidi alipotaka kumtoa shule amwoze kabla ya kidato cha nne, Mwalimu alikwenda kuketi kwenye baraza yao kila siku baada ya alasiri. Hakugombana na mtu. Aliamkia, "Masalkheri," akaketi, akaletewa kahawa, akanywa, akaondoka magharibi. Kesho yake tena. Watu wa mtaa wakaanza kuuliza kuna nini kwa kina Mwanaidi, Mwalimu kila siku yuko pale. Baba mtu akachoka, akamwacha msichana amalize. Kwa hilo wanawake wengi wa Kuze wanamwombea dua.

Lakini Mwalimu huyo huyo, msichana akizaa, humwita aliyehama. "Fulani?" utamwuliza. "Yule alihama." Na fulani anaishi nyumba ya tatu kutoka kwake, anampita kila asubuhi akienda dukani. Hamtukani, hamsengenyi. Kwake yeye hayupo tena kwenye daftari la walio hapa. Aliwapigania wasichana wasiolewe mapema, na waliomshinda hakuwasamehe. Mimi niliolewa nimeshamaliza shule, nikadhani mimi si miongoni mwao. Niliporudi darasani na maziwa yakinilowesha kifua nikajua kumbe nami nilihama.

Harusini kwangu alikuja. Alileta zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kaki. Mama mkwe wangu akaifungua, akaona kitabu chembamba kimejaa safu za nambari ndogo ndogo, na kwa kuwa kimetoka kwa mzee mwenye kofia na heshima zake, akakibusu akakiweka juu ya kabati pamoja na vitabu vya dua. Kilikuwa kitabu cha jedwali, kile cha kutafutia logi na saini za pembe. Kilikaa pale juu mpaka nilipokitaka kwa masomo. Mama mkwe hajanisamehe kwa kukishusha.

Na sasa nifike kwenye kurasa za kitabu chetu zilizogandishwa kwa gundi.

Tulipokuwa kidato cha pili, tulipofika sura ya milinganyo, Mwalimu alikuja darasani na sufuria ndogo ya uji wa ngano uliopikwa mzito, gundi ya nyumbani ile tunayobandikia bahasha. Akatuambia tufungue ukurasa fulani, tupake, tufunge, tukalie vitabu mpaka vikauke. Tukavikalia. Tulidhani kuna picha mbaya. Mwanaidi aliapa kwamba ni picha ya mwili wa mtu, imeingia kwa makosa ya kiwanda. Hatukuuliza, maana Mwalimu hakuulizwa.

Nilipoamua kurudia, kitabu changu cha zamani kilikuwa kimeliwa na mende, pengine kwa ajili ya uji ule. Nikanunua kingine cha mkono wa pili kwenye vitabu vya kutandazwa chini. Nikafungua sura ya milinganyo, na pale palipokuwa pamegandishwa pakafunguka. Hapakuwa na mwili wa mtu yeyote. Ilikuwa ni njia nyingine. Ukiwa na wai mbili huku na kutoa wai mbili kule, ijumlishe milinganyo, wai zimekwenda zao. Mistari mitatu.

Niliketi jikoni na kitabu mapajani, mtoto yuko ziwani ananyonya, nikasoma kurasa zile mbili kama barua niliyofichwa. Miaka yote ile. Ningependa niseme nilifurahi. Nilikasirika. Nilimwambia mume wangu aliporudi zamu, naye akasema, "Sasa si umeijua? Itumie." Ndilo neno la maana alilosema mwaka mzima.

Basi siku ya moki nikaitumia. Na ndiyo, nilikuwa na haraka. Mtoto alikuwa kwa mama mkwe, mimi kifua kimejaa mpaka kinauma, na swali likaja pale mbele yangu, lina wai mbili na kutoa wai mbili. Nikajumlisha. Mwalimu akapiga mstari mwekundu juu ya kazi yote, akaandika pembeni, "Nani alikufundisha?" Akaweka sifuri.

Baada ya kisa cha chaki nilikwenda kwa mwalimu mkuu, mama mmoja mpole anayevaa miwani ya kamba. Nikamwonyesha karatasi. Akasema jibu ni sahihi, yeye mwenyewe anaona. "Lakini alama ni za mwalimu wa somo, mwanangu. Rudi kwake mzungumze." Nikarudi kwa Mwalimu. Akasema, "Orodha ya wanaoandikishwa ni ya mwalimu mkuu, mimi sina neno." Nikarudi kwa mwalimu mkuu. Akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Mwalimu ni mtu mzima, tusimvunjie heshima. Huwezi kumwomba msamaha kwa ile chaki, kisha tuone?"

Tuone tena. Na orodha ilikuwa inafungwa wiki ile.

Usiku huo niliandika malalamiko kwa ofisi ya elimu. Niliandika kwa hasira, kurasa tatu, maneno kama dhuluma na uonevu yamejaa kila mstari.

Kutoka kwetu huwezi kufika barabarani bila kupita baraza ya Mwalimu. Asubuhi ile alikuwa ameketi, si kawaida yake saa zile. Shule ilikuwa imefungwa jana yake kwa mapumziko mafupi. Mtoto nilimbeba, bahasha nimeishika.

"Sabalkheri, Mwalimu."

"Sabalkheri. Umebeba nini?"

Ningeweza kusema mtoto. "Nimebeba malalamiko juu yako. Nayapeleka ofisi ya elimu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya. Akanyoosha mkono. "Lete niyaone."

Sijui kwa nini nilimpa. Labda ni ile miaka minne, mkono wake ukinyooshwa wewe unampa daftari. Akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtoto akamkamata ncha ya kikoi. Hakuuondoa mkono wake, wala hakumtazama.

"Kwenye mtihani wenyewe," akasema, "watakuja na swali, mlinganyo mmoja ni mstari ulionyooka na mwingine umepinda. Eksi ina kipeo. Hapo utajumlisha nini na nini? Hiyo njia yako itakuacha barabarani. Yangu itakufikisha. Nimeona wasichana wakiijua ile nyepesi, ngumu hawaigusi tena. Ndiyo maana nikaifunga."

"Ungetuambia hivyo."

"Mngekubali?"

"Hukutuuliza."

Akazikunja karatasi. Alikuwa na haki juu ya mstari uliopinda; nimejaribu swali la aina hiyo baadaye na ni kweli, njia ile ya kurasa zilizogandishwa haifiki. Lakini swali la moki halikupinda.

"Na lile neno la kunyonyesha?" nikamwuliza.

Akavua miwani. Alitazama mkono wa mwanangu uliokuwa umekamata kikoi chake, kisha akafungua tena ukurasa wa kwanza akaweka kidole.

"Hapa umeandika amenidhulumu. Umefikaje hapo? Hatua ziko wapi? Andika nilifanya nini, kisha nini, kisha nini. Anayesoma atafika mwenyewe kwenye dhuluma. Hivi ulivyoandika, karani atasema huyu ni mwanamke mwenye hasira, ataiweka chini ya kikombe cha chai."

"Mimi ni mwanamke mwenye hasira."

"Basi usiwaambie. Waonyeshe." Akanirudishia. "Na hili la pili, uonevu, ni lile lile la kwanza. Umelirudia. Likate."

Akaingia ndani, akatoka na karatasi mbili safi za mistari na kalamu, akaziweka kwenye baraza kando yangu. Kisha akachukua kikombe chake, akaenda kuketi upande wa pili, akanipa mgongo, kama alivyokuwa akifanya wakati wa mtihani.

Nikaandika pale pale, mtoto mapajani. Sikumwomba asome tena, naye hakutaka. Nilipoinuka nikasema, "Nakwenda." Akasema, "Haya, nenda, wanafungua mapema." Nikaenda mpaka ofisini, karani akaisoma yote akiwa amesimama, akapiga muhuri, akanipa nakala. Hii hapa.

*Kwa Afisa wa Elimu.*

*Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nakaa Kuze. Narudia mtihani wa hesabu wa kidato cha nne katika darasa la jioni la shule moja ya Tudor, ambayo jina lake na la mwalimu nimeyaandika kwenye karatasi ya pili.*

*Katika mtihani wa majaribio tulipewa milinganyo miwili, tukaambiwa tutafute eksi na wai. Karatasi haikutaja njia. Nakala imeambatishwa.*

*Nilifanya kwa kujumlisha. Jibu langu ni sahihi. Mwalimu mkuu ameliona na amekiri kuwa ni sahihi.*

*Mwalimu wa somo alinipa sifuri kwa sababu sikutumia njia ya kubadilisha. Njia niliyotumia imo katika kitabu cha shule. Mwalimu aliziba kurasa hizo zamani tusizisome.*

*Alisoma kazi yangu mbele ya darasa, akasema nina haraka kwa sababu nina mtoto wa kunyonyesha. Ni kweli nina mtoto. Hilo halikuwa katika swali.*

*Nilimpokonya chaki. Hilo nalikubali.*

*Mwalimu mkuu alinirudisha kwa mwalimu, mwalimu akanirudisha kwa mwalimu mkuu. Orodha inafungwa wiki hii.*

*Naomba karatasi yangu isahihishwe na mwalimu mwingine asiyenijua. Nikipata alama za kutosha, niandikishwe. Nisipopata, sitarudi hapa.*

*Siombi mwalimu huyu aondolewe wala ahamishwe. Naomba tu asisahihishe peke yake. Na ikiwa nitalazimika kurudia tena, naomba nirudie kwake.*